Jicho Lililoongezwa

Chuoni kwetu kuna desturi kwamba mtu akistaafu anaombwa aandike kurasa chache za kumbukumbu kwa ajili ya wanaobaki. Wazee wetu wanaandika vizuri. Wanashukuru uongozi, wanataja gari la kwanza la chuo, wanamaliza kwa kuwatakia vijana heri. Mimi nina miaka ishirini na tisa na sijastaafu. Mkataba wangu umeisha na sikuongezewa mwingine, kwa sababu nitakayoieleza. Hakuna aliyeniomba kuandika. Naandika kwa sababu kiti changu kitakaliwa na mtu, na mtu huyo hataambiwa kitu.

Niseme mapema kwamba nina hasira. Nimejaribu kusubiri ipoe. Aya hii nimeiandika mara saba na kuifuta mara saba, nikijiuliza kama neno hilo litamuudhi fulani au fulani. Mara ya nane nimeliacha.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikazunguka jengo la maktaba mara tatu nisionekane nimefika mapema mno. Chumba cha picha kipo mwisho wa korido, kilikuwa stoo ya viti. Ndani nilimkuta Mzee Kasogela, Mbende wa hapa hapa Mpanda, ambaye kabla ya chuo alikuwa na studio ya picha karibu na stesheni. Aliniangalia juu ya miwani.

"Umesomea nini, binti?"

"Usimamizi wa kumbukumbu na taarifa, mzee."

"Vizuri. Kanawe mikono."

Nikanawa. Akaigeuza mikono yangu, akaitazama kama daktari, akasema, "Tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu elekezi. Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Tunakwenda kwa watu wenye picha za zamani, tunazipitisha kwenye skana, tunazirudisha kwa wenyewe siku hiyo hiyo, na chuo kinabaki na nakala katika kompyuta pamoja na fomu yenye maelezo: nani yuko, wapi, nani aliyetuambia. Kila picha inakuwa na mafaili mawili. Lipo faili la asili, kubwa na zito, lenye kila doa na kila mkunjo, hilo haliguswi. Na ipo nakala ndogo ya kazi, ya kuonyesha wageni na kuweka mtandaoni. Ukitaka kupunguza, kuangaza au kukata, unafanya kwenye nakala ndogo. Mzee Kasogela aliniambia jambo hili tena na tena hadi nikalichoka. Leo natamani angelirudia kwa sauti kubwa zaidi, na mbele ya watu wengine.

Mambo mengine aliyonifundisha hayamo katika kitabu chochote nilichosoma. Picha ishike pembeni, kama sahani iliyojaa mchuzi. Soma mgongo kabla ya uso, maana uso unatazamwa na kila mtu ila mgongo umeandikwa na aliyejua. Ukimaliza kuuliza nani yuko kwenye picha, uliza nani hayumo na kwa nini. Hapo ndipo watu wanapoanza kuzungumza. Na jambo la mwisho, ambalo wenzangu walilicheka miaka yote: unapomrudishia mtu picha yake, msimamishe penye mwanga, aishike kifuani, umpige kwa simu. Enzi za studio wateja walikuwa wanachukua picha zao, kesho wanarudi kudai hawajapewa. Mzee akaanza kuwapiga wakiwa wameshika walichopewa. Hiyo ilikuwa stakabadhi yake.

"Siku hizi watu wanasaini, mzee," nilimwambia.

"Sahihi ni mkono tu. Mimi nataka sura."

Nikaifuata. Mimi ni mtu wa wasiwasi, nikifunga mlango narudi kuusukuma mara mbili, na stakabadhi ya namna ile ilinipa amani. Ofisini wakaniita Dada Wasiwasi. Sikulipenda jina, lakini nililiitikia.

Tulikwenda huku na huko. Skana tuliifunga kwa blanketi na kuipakata kwenye bodaboda kama mtoto mgonjwa. Majimoto, katikati ya mashamba ya mpunga, baba mmoja wa Kisukuma alituletea picha ya maksai wake sita na kututajia jina la kila mmoja, tabia yake, na jinsi alivyokufa. Fomu yetu haikuwa na sehemu ya majina ya ng'ombe. Mzee akasema andika nyuma. Hadi leo katika mkusanyo huo kuna ng'ombe sita wenye majina kamili, na picha inayofuata ina bwana mmoja mwenye tai ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Kila tulikokwenda nilisema sentensi moja, kwa sababu watu waliogopa kututolea picha zao: "Hata ikipotea kwenu, kwetu ipo." Niliitunga mwenyewe. Niliifikiria sana, nikahakikisha haina uongo ndani yake. Wakati ule haikuwa nao.

Litapunga tulimkuta Mama Eliya, mama wa makamo, wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi na yeye akazaliwa huku. Alikuwa na picha moja tu ya mama yake, marehemu Bibi Konsolata. Bibi ameketi nyuma ya cherehani mbele ya nyumba ya nyasi, mguu kwenye pedeli, kichwa kimegeuka kidogo upande. Jicho lake la kushoto limefumba. Nilichukua fomu nikaanza kuandika "mlemavu wa macho". Mama Eliya alikuwa anasoma maandishi juu chini, kutoka upande wake wa meza.

"Usiandike hivyo, mwanangu. Andika lilichomwa na bua la mtama. Alikuwa anacheza na mdogo wake, wakiwa watoto, huko kwao. Mdogo wake ndiye aliyelishika bua."

"Mdogo wake yuko wapi?"

"Walipotezana wakikimbia. Mama alikufa anamtaja."

Nikaandika yote. Tukaskani, nikamrudishia picha, nikamsimamisha mlangoni penye mwanga akaishika kifuani. "Sasa unanipiga mimi au mama?" aliuliza. "Wote wawili," nikasema. Akacheka, na kwenye stakabadhi ile bado anacheka.

Mzee Kasogela alistaafu mwaka uliofuata. Alipewa sufuria na saa ya ukutani. Kumbukumbu hakuandika, alisema ameshika kalamu za kutosha. Chumba kikabaki changu, chini ya mkuu wa kitengo, msomi ambaye nitamwita Daktari, maana anapenda aitwe hivyo.

Sasa nyie mnaokuja, someni hapa polepole.

Mafaili yetu ya asili yalikuwa kwenye diski mbili za nje. Moja chumbani kwetu, ya pili jengo la utawala, ili moto au mwizi asiweze kuzipata zote. Kabla ya mahafali Daktari alimtuma mtu aichukue ya pili "kwa muda", ikafutwa ikawekwa video za mahafali. Nilipojua nilimwandikia barua pepe yenye aya sita. Ilikuwa na utangulizi. Akajibu neno moja: "Nimeona." Nilikaa siku nyingi nikilichambua neno hilo, kama lina hasira, kama lina ahadi, wakati nilitakiwa kwenda dukani kununua diski nyingine na kunakili upya. Hilo ni kosa langu la kwanza na nalitaja nikiwa nimekaa wima.

Kisha ikaja habari kwamba wageni wanakuja kuona mkusanyo. Daktari akapitia picha kwenye kompyuta yangu, akakunja uso.

"Mbona chafu hivi?"

"Ni za zamani, Daktari. Madoa ni sehemu ya picha."

"Sehemu ya picha? Wageni watatuonaje? Kuna kijana pale stationery ya stendi, Fredi. Anasafisha picha vizuri mno. Mpe diski."

Kama hamjui Mpanda nieleze. Hapa kwetu picha haitoki dukani bila kusafishwa. Ukienda kupiga pasipoti, Fredi atakung'arisha uso, atakuondolea chunusi, na kama umekuja na fulana atakuvalisha koti na tai kutoka kwenye kompyuta. Watu wanapenda. Mtu akifa na hana picha ya maana, familia inapeleka kijipicha cha kadi ya mpiga kura, Fredi anatoa picha ya kuweka juu ya jeneza, marehemu amevaa suti. Nusu ya marehemu wa mji huu wamevalishwa na Fredi suti ile ile ya bluu. Simlaumu. Aliitwa afanye kile anachokijua.

Niliandaa nakala ndogo kwenye flashi. Daktari akasema hapana, wageni wanataka kubwa, za kuchapa mabango. Nikasema basi ninakili kwanza mafaili ya asili mahali pengine. Akasema hakuna muda, na kompyuta ya Fredi haina nafasi, atafanya moja kwa moja kwenye diski. Nilikuwa na njia kumi na tano za kukataa. Nilizipanga kichwani kuanzia ya upole hadi ya kujiuzulu. Nikiwa bado naangalia ipi inafaa, mkono wangu ulikuwa umeshaitoa diski.

Hilo ni kosa la pili. Mtu anayefikiri sana anaweza kudhani kufikiri ni kazi tayari. Diski haijui ulichokuwa unakifikiri.

Fredi alifanya kazi wiki mbili kwa bidii, akahifadhi kila faili safi juu ya faili chafu. Fomu za maelezo hakupewa. Hakuna aliyeona sababu. Wageni walikuja, wakasifu, wakala, wakaondoka. Bibi Konsolata na cherehani yake akachapwa bango kubwa juu ya mlango wa chumba, na maneno kuhusu wanawake na maendeleo.

Mtaniuliza kama nilipita chini ya bango lile bila kuona. Nilipita kila siku. Nilikuwa naangalia sakafu, maana nilikuwa na aibu ya diski, na nilijua nikiangalia juu nitaanza kuhesabu kilichoharibika. Kwa hiyo sikuangalia.

Masika yaliyofuata Mama Eliya alinipigia simu. Ukuta wa chumba chake ulikuwa umeanguka kwa mvua, na sanduku la makaratasi limeoza lote. Lakini hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha anayeogopa kuionyesha. Kupitia watu wa kanisa, yule mdogo wake Bibi alikuwa amepatikana Burundi, mzee sana, anaishi na wajukuu. Amesema kabla hajazungumza na mtu anataka aone sura ya dada yake, kwa sababu matapeli ni wengi.

"Ulisema ikipotea kwetu, kwenu ipo," alisema.

"Ipo, mama. Natuma sasa hivi."

Nilifungua orodha, nikatafuta namba ya picha, nikaituma kwenye simu ya Eliya, mwanawe. Mimi ninayerudi kusukuma mlango mara mbili, siku hiyo sikuifungua niione. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni. Eliya naye akaipeleka Burundi saa ile ile.

Siku ya tatu Mama Eliya alisimama mlangoni kwangu, viatu vimejaa tope jekundu la Litapunga. Hakunisalimia. Alinyoosha kidole juu, kwenye bango.

"Nani kamfungua jicho mama yangu?"

Ndipo nilipoangalia. Bibi Konsolata alikuwa na ngozi laini ya msichana, na macho mawili. La kushoto lilikuwa la kulia lililogeuzwa. Kichwa chake bado kilikuwa kimegeuka upande kwa ajili ya jicho moja, lakini sasa macho mawili yalimfanya aonekane anamdharau mpiga picha.

"Wamesema siyo yeye," Mama Eliya alisema. "Mama mdogo kasema dada yangu hana jicho, mimi ndiye niliyelitoboa, huyu ni nani. Wakakata simu. Eliya akipiga hawapokei. Wametuita wezi."

Nilimpeleka kwa Daktari. Nilitaka asikie mwenyewe. Alimpa kiti, alimpa soda, na akatabasamu.

"Mama, tulimpendezesha tu. Watu wanalipia hiyo huduma."

"Oya," alisema Mama Eliya. Ndivyo wanavyokataa kwao, kwa sauti ya chini. "Mama yangu akitaka kukuona alikuwa anageuza kichwa, hivi. Nimelelewa na kichwa kinachogeuka. Hili jicho halijawahi kuniangalia mimi."

"Ni picha tu, mama."

"Kama ni picha tu, nirudishie yangu."

Daktari akanitazama mimi, kama vile nimeileta mvua. Alipomsindikiza Mama Eliya hadi mlangoni alinigeukia: "Tatizo lako wewe unafikiri sana." Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote na nimekubali maisha yangu yote. Siku hiyo nilijibu. Nilimwambia katika kitengo hiki kufikiri kumekuwa kwangu peke yangu kwa sababu wenzangu wote wameacha kufikiri. Sentensi haikutoka vizuri, lakini ilitoka.

Fredi alikuja mwenyewe aliposikia, Mama Eliya akiwa bado chumbani kwangu. Ndiye mtu pekee aliyeomba radhi.

"Dada, nilidhani ni ukungu. Picha nyingi zilikuwa na ukungu, nikajua na hapa umekula jicho. Nikamhurumia bibi wa watu." Akamgeukia Mama Eliya. "Shikamoo mama. Naweza kulifumba tena, dakika kumi tu."

"Marahaba. Utalifumba la kwake, au utamfumba na la mtu mwingine?"

Fredi akaangalia bango. Kisha akasema taratibu, "La mtu mwingine, mama."

Faili la asili halikuwepo. Diski ya pili ilikuwa na watu wanaotupa kofia juu. Karatasi ilikuwa imeoza Litapunga. Nilikaa kwenye kiti cha Mzee Kasogela na mawazo yakaanza kukimbia kama kawaida yake, na safari hii moja likasimama: stakabadhi. Kadi ya kumbukumbu ya simu yangu ya zamani ilikuwa kwenye droo, ndani ya bahasha, ndani ya bahasha nyingine.

Tuliifungua sote watatu. Mama Eliya mlangoni kwake, anacheka, ameshika picha kifuani. Kwenye picha hiyo, cherehani ya ukubwa wa njegere. Fredi akaikuza, hakugusa kitu kingine. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nadhani ningemng'ata. Uso wa Bibi ulikuwa wa ukubwa wa punje ya mchele, na ulipokuzwa ukawa vidoti vidoti. Lakini kichwa kilikuwa kimegeuka, na upande wa kushoto hapakuwa na jicho. Palikuwa na kivuli kidogo tu.

"Ndiye," alisema Mama Eliya. Akavua kitenge cha kichwani akajifuta nacho uso.

Tuliwarudia watu wa kanisa, tukawapa picha ile waifikishe Burundi, maana simu ya Eliya ilikuwa haipokelewi. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Katika wiki hizo Daktari aliniletea taarifa ya mwaka niisaini kama mtunza mkusanyo. Ilisema picha zote "zimehifadhiwa katika hali yake ya asili". Niliisoma mara nyingi, hiyo haikuwa ajabu. Kisha nikairudisha bila sahihi, na barua ya mstari mmoja tu: hazijahifadhiwa. Hakuna aliyenifukuza. Mkataba ulifika mwisho wake na hakuna aliyeutaja tena.

Mkusanyo ninaouacha ni huu. Mafaili makubwa kwenye diski siyo ya asili, hata kama jina la folda linasema hivyo, msiliamini. Fomu ni za kweli, zisomeni kabla ya kuangalia picha yoyote. Kadi ya stakabadhi nimeinakili mara tatu: moja ipo droo ya chini, moja ipo kwa mhudumu wa maktaba, moja ninaondoka nayo na sitaomba ruhusa. Pale mtakapoona uso laini mno, tafuteni stakabadhi yake, mwende kwa mwenye picha mumwombe aitoe tena. Wengine watakataa. Wana haki. Mkienda, ile sentensi yangu msiiseme.

Jibu kutoka Burundi lilikuja siku nilipokuwa nafungasha. Mama Eliya alikuja nalo mwenyewe, kwenye simu ya mwanawe, ujumbe wa sauti. Sauti ya bibi mzee, Kirundi, anasema kidogo, analia kidogo, anasema tena. Mama Eliya alikuwa ananitafsiria huku machozi yakimtoka naye. Amesema ndiye. Amesema samahani kwa jicho, dada, nilikuwa mtoto. Ameuliza kaburi liko wapi.

Halafu mwishoni sauti ile ikauliza kitu, ikasubiri, kama mtu anayedhani simu inaweza kumjibu. Mama Eliya hakutafsiri.

"Amesemaje?"

Akatazama juu ya mlango, kwenye bango.

"Anauliza yule wa picha ya kwanza ni nani."

Niliomba bango lishushwe. Nikaambiwa bado ni jipya. Kwa hiyo siku yenu ya kwanza mtapita chini yake. Inueni kichwa.